Nusu Saa hadi Pemba

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, pale Kisauni, Unguja, hadi uwanja wa ndege wa Pemba ulio karibu na Chake Chake, ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Rubani atakwambia maili 67 za baharini. Cessna Caravan, hizi ndege ndogo za injini moja zenye viti kumi na kitu, hukimbia kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo hesabu inakupa dakika 25. Ratiba zenyewe huandika nusu saa, maana kuna kupaa na kuna kutua. Na kwa kuwa uwanja wa Pemba nao umepewa jina la Karume, unaruka Karume unatua Karume: rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, anakusindikiza huku na kukupokea kule.

Kwa sisi watu wa Handeni umbali huo una kipimo chake. Korogwe hadi Handeni mjini ni kilomita 65 za lami. Handeni hadi Mkata ni 54. Jumlisha, unapata 119. Yaani mtu aliyetoka Korogwe, akapita Handeni, akaenda kuibukia barabara kuu pale Mkata, amekwenda karibu sawa na aliyeruka Kisauni akatua Pemba. Huku Kang'ata mwendo kama huo haumshangazi mtu. Unaufanya asubuhi, jioni umerudi, na kama ni mchimbaji wa dhahabu aliyefuata spea ya pampu, hata haiiti safari.

Sasa kwa nini Pemba imekuwa mbali? Simaanishi mbali kwa watalii, hao wana ndege zao. Namaanisha mbali kwenye siasa, kwenye vitabu, kwenye midomo ya watu, kiasi kwamba mtu wa Dar es Salaam husema "Zanzibar" akiwa na maana ya Unguja tu, na Pemba inakumbukwa uchaguzi ukikaribia. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba tunaupima umbali wa Pemba kutoka mahali pasipo pake. Tunaupimia Unguja.

Hapa Kang'ata yupo Mpemba mwenye duka la nguo, kama walivyo Wapemba wengi bara nzima. Siku moja nilimuuliza akienda kwao hupita wapi. Akanitazama kama niliyeuliza mvua inatoka wapi. "Tanga, bwana. Unguja niendee nini?"

Yuko sahihi kuliko ramani za shule. Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi ule wa Pemba ni kama kilomita 84. Pemba iko karibu zaidi na Tanga kuliko ilivyo karibu na Unguja. Na ukienda kaskazini, pembe ya juu ya kisiwa hicho na bandari ndogo ya Shimoni, Kenya, zinatazamana kwa umbali wa kama kilomita 50 za maji. Anayeishi Wete au Micheweni ana bara ya Kenya puani mwake.

Ila yale maji si ya mchezo. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara. Zama za barafu, bahari iliposhuka, mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi ilipo leo Mji Mkongwe. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui. Pemba haikuwahi kuwa naye. Mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, karibu 800 mahali pengine, na ulikuwapo mamilioni ya miaka kabla ya binadamu wa kwanza kuchonga mtumbwi. Pemba ni kisiwa kwelikweli. Unguja, ukitaka kuwa mkorofi, ni kipande cha bara kilichofurikiwa.

Lakini kina cha maji hakikuwazuia watu. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, alifika mwaka 916 mahali alipopaita Kanbalu, na wanahistoria wengi wanapaona kuwa ni Pemba, pengine Ras Mkumbuu, ambako magofu ya msikiti na makaburi bado yapo. Pujini kuna ngome ambayo wenyeji wanaihesabu kuwa ya Mkama Ndume, mtawala ambaye sifa yake kubwa iliyobaki vinywani ni ukatili. Kisha Wareno walipokuja, Pemba waliijua kama ghala la chakula la Mombasa: mchele ulitoka Pemba, ukavuka kaskazini. Karne ya kumi na nane Wamazrui wa Mombasa ndio waliokuwa na nguvu juu ya kisiwa hicho. Kwa hiyo kama ungemwuliza Mpemba wa mwaka 1800 mji mkuu wake uko upande gani, angenyoosha mkono kaskazini.

Mkono huo uligeuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1820, majeshi ya Seyyid Said bin Sultan wa Oman yalipowatoa Wamazrui Pemba. Kukata Pemba kulikuwa kukata chakula cha Mombasa, na Seyyid Said alilijua hilo. Muda si mrefu akahamishia makao yake Unguja, mikarafuu ikapandwa visiwa vyote viwili, na tangu hapo, ukisema "kutoka Pemba", swali la pili ni lini chombo kinafika Unguja.

Na hapa ndipo sisi wa Uzigua tunapoingia katika hadithi, na si kwa ndege. Miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi yetu. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wengine wakijiweka rehani, wengine wakiuzwa na walioahidi kuwalisha, wakapakiwa majahazini. Mashamba ya visiwani yalikuwa yanataka mikono. Wengine walipelekwa mbali zaidi, Somalia, ambako wengi walitoroka wakajijengea vijiji kando ya Mto Juba na kuendelea kusema Kizigua vizazi hadi vizazi. Vita vya Somalia vya 1991 vilipowatimua, baadhi yao walirudi hukuhuku walikotoka mababu: makazi ya Chogo yako wilaya yetu hii ya Handeni. Zaidi ya miaka 150 kwenda na kurudi. Mtu akizungumza nami habari za umbali wa visiwani nawakumbuka hao kwanza, kabla ya Cessna.

Aprili 1872 kimbunga kilipita juu ya Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba iliponea chupuchupu. Kuanzia hapo kisiwa kidogo ndicho kilichokuwa kinazaa karafuu nyingi, na kisiwa kikubwa ndicho kilichokuwa na forodha, mabenki, maghala na ikulu. Zao linatoka kule, hesabu inafanywa huku. Ukiniuliza mimi, hizo kilomita 125 zilizaliwa mwaka ule. Kabla ya hapo vilikuwa visiwa viwili jirani. Baada ya hapo kimoja kikawa shamba la kingine.

Gunia la karafuu lilikuwa linasafirije? Kwa jahazi, na jahazi halina ratiba, lina upepo. Kusi ikivuma, chombo kinachotoka Unguja kwenda Pemba kinaisukumiwa njia, usiku mmoja na sehemu ya mchana kinatosha. Kurudi na mzigo upepo uleule, nahodha anabisha: anakwenda upande, anageuza tanga, anakwenda upande mwingine, na maili moja anayoipata mbele ameilipia tatu. Kaskazi ikiingia mambo yanapinduka. Kwa hiyo umbali kati ya visiwa hivi haukuwa namba moja hata siku moja. Ulikuwa namba mbili, zinabadilishana kila nusu mwaka, na mfanyabiashara mwenye akili aliziandika zote kichwani.

Mwaka 1890 ukaja mkataba wa Waingereza na Wajerumani, ule wa Heligoland. Tanga, Pangani na Handeni zikabaki upande wa Mjerumani. Unguja na Pemba zikawekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Watu husimulia mkataba huu kama habari ya Unguja na kisiwa cha baridi cha huko Ulaya. Mara chache sana nimesoma mtu akiandika kuwa yale maji ya Tanga na Pemba, ambayo wavuvi waliyavuka bila kumuuliza mtu, siku ile yaligeuka mpaka wa madola. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza alichukua pande zote mbili, lakini serikali zilibaki mbili, na Pemba iliendelea kuelekezwa Unguja. Meli za serikali, Al Hathera, kisha Al Said na Seyyid Khalifa, zilikwenda Pemba na kurudi. Meli ya moshi iliondoa suala la kusi na kaskazi. Haikuondoa suala la nani anamngoja nani.

Ndege za kwanza katika visiwa vya pwani hii, kwa taarifa yako, hazikuja kubeba abiria. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikaenda kujificha delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta ndege, kwanza ya kutua majini kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, halafu nyingine zilizorukia Mafia. Julai 1915 ndege hizo ndizo zilizowaonyesha wapiga mizinga mahali pa kulenga, hadi Königsberg ikaisha. Kwa hiyo ndege za kisiwani zilipoanza kazi pwani hii, zilipima umbali wa mizinga.

Abiria walikuja baadaye. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, na miaka ya thelathini ndege zake ziliiunganisha pwani: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Vita vya pili vikaimaliza kampuni hiyo, na tarehe 1 Januari 1946 East African Airways ikaanza kuruka ikiwa na Dragon Rapide sita, ndege za mbawa mbili mbili juu na chini, injini mbili, abiria sita hadi wanane. Rapide ilikwenda kama kilomita 210 kwa saa. Ukiirusha kwa mwendo huo Kisauni hadi Pemba, inatumia kama dakika 35.

Simama hapo kidogo. Ndege ya mwaka 1946 ingetumia dakika 35, ya leo dakika 25. Miaka karibu 80 ya maendeleo ya anga imetupunguzia dakika 10. Safari yenyewe ilikuwa fupi tangu siku ile. Kilichobaki kuwa kirefu ni foleni ya wanaoweza kuipanda. East African Airways ilipoleta Dakota zake katika njia ya pwani, Pemba nayo ikiwa kituo, waliopanda walikuwa maofisa, wafanyabiashara wakubwa, madaktari. Mchumaji karafuu alikwenda kwa meli, na aliiona ndege kwa kuinua kichwa kutoka juu ya mkarafuu.

Uchaguzi wa Julai 1963 uliufanya umbali huu kuwa wa damu. ASP ilipata kura nyingi zaidi, zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu. Muungano wa ZNP na ZPPP ukapata 18, na ZPPP mizizi yake ilikuwa Pemba. Uhuru ukaja Desemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yalipiganwa Unguja. Pemba hayakutokea, yaliletwa, yakiwa na watu wenye bunduki na viboko, na wazee wa Pemba wanaosimulia habari za miaka ile huanza na viboko. Kisha zikaja zama ambazo serikali ilinunua karafuu peke yake kwa bei iliyoitaka, sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Unadhani mkulima alifanya nini? Alikumbuka zile kilomita 50. Karafuu za magendo zilivuka usiku kwenda Kenya, na mahakama zikawafunga watu kwa kosa la kuuza mali yao upande ambao babu zao waliuzia siku zote.

Na Januari 2001, polisi walipoyafyatulia risasi maandamano ya wafuasi wa CUF na watu wakafa Pemba na Unguja, Wapemba zaidi ya 2,000 walikimbia. Walikimbilia Shimoni. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kwa mara ya kwanza ikatoa wakimbizi wake yenyewe, nao hawakuhitaji ramani kujua njia. Huo mkono wa mwaka 1800 ulikuwa bado unaelekea kaskazini.

East African Airways ilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, Shirika la Ndege la Tanzania likazaliwa mwaka huohuo, na kuanzia miaka ya tisini kampuni binafsi, ZanAir ikiwa mojawapo ya zile za mwanzo, zikaingia na ndege ndogondogo. Hapa sina mengi. Ni hadithi ya ratiba na viti, na mara nyingi ya kiti kimoja cha mbele kando ya rubani ambacho kila abiria anakiwania.

Baharini ndiko kuliko na habari. Tarehe 9 Septemba 2011, yapata saa 3 usiku, Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa meli iliyojengwa Ugiriki mwaka 1967 na kuruhusiwa kuchukua watu kama 600. Walipanda wengi mno kuliko hao, wengi wao wakirudi makwao baada ya Idi, na mzigo juu yake: mchele, mabati, magodoro. Karibu saa 7 usiku ilizama katika mkondo wa Nungwi. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Baadaye orodha ya waliopotea ilipokusanywa nyumba kwa nyumba ikatoa watu wengine 1,370. Mwaka uliofuata, Julai 2012, Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na nchi ikalia tena.

Nimeisoma ile habari ya Spice Islander mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye saa zile nne. Kwa muda ambao meli ilijikokota kutoka Malindi hadi Nungwi na kuzama, Cessna ingekwenda Pemba na kurudi mara nne. Waliokuwa ndani ya meli walilijua hilo. Hawakukosa habari za ndege, walikosa nauli yake, na mtu mwenye watoto watano na magunia mawili ya mchele haulizi dakika, anauliza bei. Wapo wanaosema msiba ule ulitokana na uzembe wa bandarini. Sawa, ulikuwapo. Lakini kwa nini watu zaidi ya elfu mbili walikuwa na njia moja tu ya kurudi kwao usiku ule? Hilo swali halikuwa la bandarini.

Mwaka 2015 serikali ilileta MV Mapinduzi II, meli mpya kutoka Korea Kusini, ya abiria 1,200, na mwaka 2016 Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilifunguliwa upya baada ya kujengwa kwa msaada wa China. Nayataja mambo haya mawili pamoja makusudi. Kwa miaka mingi, mgonjwa mahututi wa Pemba alikuwa akihesabiwa kwa umbali wa Mnazi Mmoja, hospitali kuu iliyoko Unguja, na mjamzito aliyeanza kutoka damu Wete saa 2 usiku hakuwa na nusu saa ya ndege. Alikuwa na barabara hadi Mkoani, kisha kungoja, kisha bahari. Kujenga hospitali Mkoani kulipunguza umbali wa Pemba kuliko injini yoyote mpya ya ndege.

Kwenye fasihi hali ni ileile, ingawa hapo angalau hafi mtu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi tunaisoma, Abdulrazak Gurnah akapata Nobel mwaka 2021, na Zanzibar ya vitabu ikazidi kuwa na vichochoro vya Mji Mkongwe. Kamange na Sarahani ni wangapi wanawajua? Hao ni washairi wa Pemba, magwiji, waliokuwa wakijibizana kwa beti. Habari zao zilipata kitabu, Kale ya Washairi wa Pemba, mwaka 2011, na mhariri wake alikuwa Abdilatif Abdalla. Mtu wa Mombasa, tena.

Siku hizi ndege ndogo hutoka Tanga kwenda Pemba bila kupitia Unguja. Kilomita 84, dakika zisizofika 20 angani. Kwa mtu wa Kang'ata maana yake ni basi hadi Handeni, Korogwe, Segera, Tanga, sehemu kubwa ya siku kwenye kiti, halafu bahari yote inakwisha kabla hajamaliza kufungua soda. Nilimwambia yule jirani yangu wa duka la nguo. Akauliza bei. Nikamtajia. Akaendelea kukunja suruali zake, moja juu ya nyingine, kisha akasema Idi hii atakwenda na boti, maana ana mizigo.